Mpe Kijana Kazi Yenye Bajeti: mwongozo kwa kampuni inayotaka kulea viongozi

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia mambo ya jamii katika kampuni moja ya mkonge mkoani Tanga, nilitumia shilingi milioni 38 kwa siku mbili. Vijana 120, ukumbi wa hoteli mjini, fulana zenye nembo ya kampuni, wasemaji watatu kutoka Dar es Salaam, vyeti, picha ya pamoja. Miezi kumi baadaye nilimkuta mmoja wa vijana wale stendi ya Muheza, yuko juu ya bodaboda yake akisubiri abiria. Aliniamkia vizuri, tukaongea habari za nyumbani, kisha nikamuuliza semina ile ilimsaidia nini. Akanyamaza kidogo. "Mama," akasema, "mlitufundisha kuongoza. Sasa tumuongoze nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikaomba nisimamishe semina ya mwaka uliofuata, na tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi hii kwa namna nyingine. Ninachoandika hapa ni namna hiyo. Namwandikia meneja utumishi au afisa mahusiano ya jamii wa kampuni ya kawaida: kiwanda cha samaki Mwanza, shamba la chai Mufindi, kampuni ya malori Mombasa, mahali penye wafanyakazi mia mbili au elfu moja na fedha zisizo nyingi. Benki kubwa zina idara nzima za jambo hili. Wewe huenda uko peke yako na kompyuta moja.

Anza na wachache

Bodi yetu ilipenda namba kubwa. Mia na ishirini inapendeza kwenye ripoti ya mwaka; nane haipendezi. Kuwashawishi nilitumia historia ya zao letu wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Ndiyo iliyopandwa, ikatunzwa, ikazaa mingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Na kila mkulima wa mkonge anajua kwamba ukipanda leo hukati jani kabla ya miaka mitatu hivi. Niliwaambia wajumbe: mnakubali kusubiri miaka mitatu kwa jani, nipeni mwaka mmoja kwa mtu.

Tukakubaliana vijana wanane. Ukiwa na kampuni ndogo, chukua watatu. Kipimo changu ni hiki: usichukue kijana ambaye huna mtu mzima wa kukaa naye saa moja kila wiki.

Tafuta kazi kabla ya kutafuta vijana

Hapa ndipo kampuni nyingi hukosea mpangilio. Hutangaza nafasi, hukusanya vijana, halafu ndipo hujiuliza wafanye nini. Matokeo yake kijana anapewa kazi ya kutoa fotokopi, au anakaa mapokezi akisubiri saa kumi.

Mimi nilizunguka kwa mameneja na wasimamizi wote kwa muda wa wiki mbili nikiwa na swali moja: ni jambo gani linakusumbua kila wiki, hujapata muda wa kulishughulikia, na likiharibika kampuni haifungwi? Nilirudi na mambo 19. Foleni ya maji katika makambi ya wafanyakazi. Wakata mkonge kuchomwa na miiba machoni. Watoto wa kambi moja kukosa shule siku za mvua. Zana zinazopotea kati ya ghala na shamba. Wastaafu wanaokuja mara tano kufuatilia barua moja.

Katika 19 tukachagua nane. Kazi inafaa kama ina fedha zake, hata kama ni kidogo. Kama inamlazimu kijana kuwashawishi watu ambao hana amri juu yao. Kama mwisho wa mwaka mtu anaweza kwenda kuangalia kwa macho imefanyika au haijafanyika. Na kama inaweza kushindikana. Hili la mwisho wakurugenzi hulikataa. Lakini kazi ambayo haiwezi kushindikana haina uamuzi ndani yake, na mtu asiyeamua hajifunzi kuongoza.

Mkurugenzi wetu alinipinga akasema mtoto wa miaka 24 hawezi kukabidhiwa mambo ya kambi yenye familia mia mbili. Nilimkumbusha kwamba Rashidi Kawawa alikuwa na miaka 29 alipokuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, mwaka 1955, na Julius Nyerere alikuwa na miaka 32 TANU ilipoundwa naye akawa rais wake. Sisi tunaogopa kumpa mtu wa umri karibu na huo bomba la maji. Alikaa kimya, kisha akasaini.

Mlezi na mnyapara

Nikiambiwa nibakize sehemu moja tu ya mwongozo huu, nitabakiza hii.

Katika mashamba ya mkonge neno mnyapara lina historia ndefu. Enzi za manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, mnyapara ndiye aliyehesabu mizigo ya majani na kukemea. Hadi leo, ukimkabidhi kijana kwa msimamizi bila kumweleza kitu, msimamizi atakuwa mnyapara wake, kwa sababu ndivyo alivyoongozwa yeye. Atampa amri, atamkagua, atamsema mbele za watu. Kijana atajifunza kutii, na atakapopata nafasi atakemea vilevile.

Mlezi ni mtu mwingine. Mlezi bora niliyewahi kumpata alikuwa msimamizi wa korona, kiwanda kinachochuna majani ya mkonge kupata singa. Elimu yake darasa la saba, miaka yake kazini 31. Nilimchagua kwa sababu niliona vijana wa zamu yake hawahami. Nilimweleza tunachotaka, akasikiliza, akasema atajaribu. Sikumpa kitabu. Baada ya mwezi niligundua kwamba kila Ijumaa jioni, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya korona, alimuuliza kijana wake maswali mawili tu: "Wiki hii umeamua nini? Na nani hakukubaliana nawe?"

Maswali yale nimeyachukua nimewapa walezi wote. La kwanza linamzuia kijana kuleta orodha ya vikao alivyohudhuria. La pili linamfundisha kwamba kupingwa ni sehemu ya kazi, na kwamba anatakiwa kumjua anayempinga kwa jina na kwa sababu yake.

Mambo ya kuzingatia unapochagua mlezi. Asiwe bosi wa moja kwa moja wa kijana, maana kijana hatamwambia ukweli mtu anayesaini posho yake. Asiwe mkuu wa idara mwenye safari nyingi. Utamwona siku ya uzinduzi na siku ya kufunga. Alipwe kitu, hata shilingi elfu hamsini kwa mwezi, ili saa ile moja ihesabike kuwa kazi. Na awe na ruhusa ya kujitoa bila aibu ikiwa hawapatani, kwa sababu wapo wasiopatana na hakuna mwenye kosa.

Kuna jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Unapomkabidhi binti wa miaka 21 kwa mwanamume mwenye cheo, umefungua mlango wa rushwa ya ngono usipouziba siku ya kwanza. Vikao vyote vya mlezi na kijana vinafanyika mahali pa wazi, mchana. Kila kijana anapewa namba za watu wawili wa kuwapigia, mmoja wao akiwa nje ya kampuni. Sisi tulimwomba afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Adhabu inaandikwa kwenye barua ya mlezi kabla hajaanza, na mlezi anaisaini. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, wanaume wawili walikataa ulezi. Niliwashukuru kwa kuniambia mapema.

Kuwapata vijana

Tangazo libandikwe ofisi za vijiji na kata, lisomwe redioni, lisomwe msikitini na kanisani baada ya ibada, litumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa eneo husika. Liandikwe kwa Kiswahili. Fomu iwe ukurasa mmoja na ipatikane bila kulipia. Umri wa kijana, kwa Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006, ni miaka 15 hadi 35. Sisi tulichukua kuanzia 20 hadi 30, ili tusiingie kwenye masuala ya watoto na ili tusiwaache nje waliochelewa shule. Cheti cha kidato cha nne hatukukidai. Katika makambi yetu wapo wenye akili kali walioishia darasa la saba kwa sababu mzazi aliumia kazini.

Sasa vimemo. Vitakuja. Diwani atapiga simu, mjumbe wa bodi atatuma jina la mpwa wake, padri na sheikh watakuwa na kijana wao mwema. Dawa niliyopata ni kuifanya hatua ya mchujo iwe kazi inayoonekana, ambayo kimemo hakiwezi kuifanya. Katika maombi mia na tisini na kitu tulichagua 30 kwa kura za watu watatu wasiojuana, majina yakiwa yamefunikwa. Kila mmoja wa hao 30 tukampa shilingi elfu thelathini na siku kumi. Maelekezo yalikuwa sentensi moja: tafuta kero moja mtaani kwako, ipunguze, rudi utuambie.

Ilitugharimu laki tisa, na ni laki tisa zilizotufundisha kuliko usaili wowote. Wapo waliochapisha bango. Wapo waliofanya mkutano, wakanunua soda, mambo yakaishia hapo. Kijana mmoja alifukia shimo mbele ya zahanati kwa kukodi mkokoteni wa kifusi. Binti mmoja wa Ngomeni alirudi na elfu thelathini zote. Nikadhani hakufanya kitu. Kumbe alikuwa amewazungukia kina mama wa kitongoji chake, wakakubaliana zamu za kufagia na kuziba mtaro uliokuwa ukifurika kwenye choo cha shule, na hakuona sababu ya kutumia fedha. Alikuja na daftari lenye majina ya zamu na saini zao. Huyo tulimchukua kabla ya kikao kwisha.

Mpwa wa mjumbe wa bodi naye aliingia hatua ya 30. Hakurudi siku ya kumi. Mjumbe hakutuuliza tena.

Ukitaka wasichana wafike nusu, usingoje waje. Nenda kwa wazazi. Katika familia nyingi za huku, binti hawezi kusema ndiyo peke yake kwa kazi ya mwaka mzima nje ya nyumbani. Nilikaa kwenye majamvi, nikanywa chai ya tangawizi, nikaeleza saa za kwenda na kurudi, nani atakuwa mlezi, nani wa kupigiwa simu. Wenye watoto wachanga tulikubaliana waje nao siku za vikao. Kwa wenye ulemavu, waulize wao wanahitaji nini. Mmoja wetu alihitaji tu kwamba vikao visifanyike ghorofani.

Fedha

Hesabu yetu ya mwaka kwa vijana wanane ilikuwa hivi. Posho shilingi 280,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, jumla 26,880,000. Nauli 40,000 kwa mwezi, jumla 3,840,000. Bajeti ya mradi 1,500,000 kwa kila kijana, jumla 12,000,000. Walezi, 4,800,000. Bima ya ajali, vifurushi vya simu na vitendea kazi, 2,400,000. Vikao vinne vya kutoa hesabu, pamoja na nauli za wazazi na viongozi wa vitongoji, 1,200,000. Jumla yake ni 51,120,000.

Ni zaidi ya ile semina kwa milioni kumi na tatu. Nilimwonyesha mhasibu kwamba zaidi ya nusu inaingia mifukoni mwa vijana wanaonunua unga na mafuta katika maduka ya hapahapa, na kwamba milioni kumi na mbili za miradi zinatatua kero ambazo kampuni ingezilipia siku moja kwa njia ya mgomo au kesi. Usikubali kukata posho ili kuongeza idadi ya vijana. Anayejitolea bure kwa mwaka mzima ni yule ambaye baba yake anaweza kumlisha, na ukifanya hivyo umeshachagua tabaka la viongozi wako bila kutamka.

Mhasibu wetu aliuliza pia: si tunalipa tayari ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL? Kweli, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi Tanzania Bara anailipa, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Basi itumie VETA. Vijana wetu wawili walisoma kozi fupi kwenye chuo chao cha Tanga, mmoja mabomba na mmoja umeme, kwa sababu miradi yao iliwadai ujuzi huo. Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii kukatwa kabla ya kodi hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kaa na mshauri wa kodi kabla ya kuanza, mkubaliane kipi kiingie humo na kipi ni gharama ya kawaida ya mafunzo. Ukikaa naye mwaka ukiisha, risiti zitakuwa zimechanganyika.

Mkataba uwe kurasa mbili, kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya kijana na mzazi au ndugu yake. Uonyeshe tarehe ya mwisho. Useme waziwazi kwamba ajira haijaahidiwa. Nimeona kampuni zikiacha jambo hili likining'inia kwa sababu matumaini ya ajira huwafanya vijana wawe wapole. Ni dhuluma.

Cha kuazima kwa waliotangulia

Nilisoma na kutembelea niliyoweza. Equity ya Kenya, tangu 1998, huchukua wanafunzi waliofaulu sana na kuwaweka kazini kwenye matawi ya benki kabla hawajaenda chuo kikuu. Hapo niliazima wazo la kumweka kijana mbele ya mteja halisi mapema. Kwa Tony Elumelu wa Nigeria, ambaye mfuko wake ulianza kutoa dola 5,000 kwa kila mjasiriamali aliyechaguliwa mwaka 2015, niliazima kumpa mtu fedha mkononi na kumwamini. African Leadership Academy ya Johannesburg, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008, na shule ya M-Pesa Foundation iliyofunguliwa Thika mwaka 2016, zinafanya kazi nzuri, lakini zinawatoa vijana nyumbani na kuwapeleka bwenini. Kampuni ya kati haina uwezo huo, na kwa maoni yangu haiuhitaji. Faida yako wewe ni kwamba unaye kijana palepale anapoishi, mbele ya watu wanaomjua tangu akiwa mtoto. Kuwaongoza hao ndiko kugumu.

Kama una wafanyakazi wanawake wanaokaribia ngazi ya umeneja, ulizia pia programu ya wanawake ya Chama cha Waajiri, ATE, iliyotokana na ushirikiano na waajiri wa Norway. Inaandaa wanawake kwa nafasi za juu na za bodi. Inafaa kwa walezi wako wa kike, na inawapa sababu ya kubaki.

Kijana anapoharibu

Kijana tuliyempa suala la miiba alikuwa mchapakazi na alikuwa na haraka. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge ni kama sindano ya viatu, na mkataji anainama juu ya mamia ya majani kwa siku. Ndani ya mwezi wa kwanza alinunua miwani ya plastiki ya laki sita. Wakataji waliivaa siku mbili. Jasho na joto la Februari viliijaza ukungu, wakawa hawaoni, wakaivua wakaitundika kwenye miti. Picha ya miwani ile mitini ilifika kwa mkurugenzi kabla haijafika kwangu.

Palikuwa na shinikizo la kumwondoa. Hapo ndipo programu yako itapimwa, kwa hiyo amua mapema utafanya nini. Sisi tulikuwa tumeandika utaratibu: fedha ikipotea kwa uzembe au wizi, mkataba unavunjwa, fedha ikipotea kwa uamuzi uliofanywa kwa nia njema na risiti zipo, kijana anaeleza kwenye kikao cha hesabu na kuendelea na bajeti iliyobaki. Haongezewi hata senti.

Kikao kile kilikuwa kizito. Alisimama mbele ya mameneja, walezi, mwakilishi wa wakataji na mama yake mzazi. Sauti ilimtetemeka. Akasema aliamua bila kuwauliza wanaovaa. Mwakilishi wa wakataji, mtu mzima wa makamo, akamwambia, "Mwanangu, ungekuja shambani saa moja asubuhi ungejua." Kesho yake akaenda. Akaenda wiki tatu mfululizo, akakata mkonge nao. Aliporudi alikuwa na pendekezo la miwani ya wavu wa waya, isiyoshika ukungu, akaanza na jozi kumi tu, kwa timu moja. Walipoiomba timu ya pili, akanunua nyingine. Mwisho wa mwaka zilivaliwa bila kusukumwa na mtu.

Ningemwondoa Februari, angeondoka na somo moja: usijaribu kitu ukiwa na wakubwa karibu.

Picha, fulana na ripoti

Kwa ufupi. Ruhusa ya picha iandikwe na iweze kuondolewa. Usimtangaze kijana kama maskini uliyemwokoa. Mama yake atasoma. Katika ripoti ya mwaka andika kazi gani zilikamilika na zipi hazikukamilika, kwa idadi. Wetu walikamilisha miradi mitano kati ya minane, na nilipoandika hivyo bodi iliuliza maswali ya maana kwa mara ya kwanza.

Mwaka ukiisha

Ufikapo mwezi wa kumi wa programu, panga wataenda wapi. Wengine wataomba kazi kwako na washindane kama watu wengine. Wengine watarudi kwenye biashara zao. Wasaidie kuunda kikundi na kuandaa maombi ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sehemu ya vijana ni asilimia 4. Walioshika daftari la bajeti kwa mwaka mzima hujaza zile fomu bila kubabaika. Na wengine wataingia siasa. Mmoja wetu aligombea uenyekiti wa kitongoji uchaguzi wa Novemba 2024. Kanuni yetu ilikuwa kampuni haimchangii mgombea, haimzuii, na haimpi gari. Weka kanuni hiyo kwenye maandishi kabla ya msimu wa uchaguzi.

Yule binti wa Ngomeni tulimpa foleni ya maji. Katika kambi aliyopangiwa, kina mama waliamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kununua tangi la pili. Bibi mmoja akamwambia maji yanatosha, kasoro ni mlinzi anayefungua bomba saa kumi na moja na kuwatanguliza watu wake. Mlinzi yule alikuwa na umri wa baba yake. Mlezi alipomuuliza Ijumaa nani hakukubaliana naye, alilia, halafu wakapanga atakavyoongea. Alimwendea nyumbani kwake, na shikamoo, mbele ya mkewe. Ilichukua mazungumzo matatu. Mwishowe funguo ikashikwa na kamati ya kina mama watatu kwa zamu, bomba likafunguliwa asubuhi na jioni kwa saa zilizobandikwa, na fedha nyingi ya bajeti ikaenda kwenye mita thelathini za bomba kufikia upande wa pili wa kambi.

Baadaye aliomba nafasi ya ukarani wa mizani, akashinda. Mwaka uliofuata wafanyakazi wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao katika tawi la chama cha wafanyakazi. Majadiliano ya mishahara yalipofika, aliingia akakaa upande wa pili wa meza, akafungua daftari. Alikuwa na uzito wa mizigo ya miezi kumi na minane, bei ya unga Muheza mwezi kwa mwezi, na nauli. Aliniita mama, akanipa heshima zangu zote, na hakurudi nyuma hata hatua moja kwa saa nne.

Tulipotoka, mkurugenzi aliniuliza kama hii ndiyo faida ya zile milioni hamsini. Nikamwambia ndiyo, ndiyo hii, na nikamwomba nafasi mbili zaidi. Tulibishana hadi jioni. Tangazo la vijana kumi lilibandikwa Januari.